Tumbo Si Gunia la Vitunguu

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, niliingia kliniki fulani ya Kitale nikiwa na kazi moja tu: kupatana bei. Miaka hiyo simu ya mkono ilikuwa kitu cha kujivunia, na mimi nilikuwa kijana nauza vitunguu pale mtaani Tuwan. Mwenye gunia akitaja bei, nilikuwa nacheka kwanza, ndipo namuuliza ile ya ukweli.

Dada yangu Nafula alikuwa amepasuliwa hapo, akatolewa kizazi. Aliambiwa ni uvimbe mbaya, hauna kungoja. Alikuwa na mtoto mmoja, na alitaka wengine. Maumivu yalipokataa kuisha, akamwona daktari mwingine huko Bungoma. Huyo alisoma majibu ya maabara, akasema uvimbe ulikuwa wa kawaida; huenda dawa zingetosha. Hiyo "huenda" ilimnyima dada usingizi.

Tukaenda kliniki sisi watatu: Nafula, mimi, na mjomba wetu wa Kibabii, mzee asiyependa maneno mengi. Daktari aliyempasua alitupokea vizuri, hata chai tukapewa. "Si tuelewane kinyumbani, bana," akasema, akataja pesa za pole. Nikacheka. Akaongeza. Nikainuka kama mtu anayeondoka. Akaongeza tena, akasukuma karatasi: tukitia sahihi, maneno yameisha. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nikajiambia, nikashika kalamu.

Mjomba akaishika upande wa pili.

"Tumbo ni lako?"

"Ni la dada, mjomba."

"Sasa wewe unauza nini?"

Nikaiachia kalamu. Akamgeukia Nafula. "Mama, wewe unataka nini?"

"Aniambie kwa nini alinikata."

Daktari akaangalia chai yake. Hilo hakuwa amelitayarishia bei.

Tukatoka bila sahihi. Wakili mmoja wa Bungoma, mama mkali, alitueleza wazi kwamba si kila upasuaji ambao haukuhitajika ni kosa la kisheria. Lazima daktari mwingine athibitishe kwamba mwenzake alifanya kazi vibaya, au ionekane mgonjwa hakuelezwa njia nyingine kabla ya kukubali. Tukaomba nakala ya faili, tukalalamika kwa bodi inayosimamia madaktari, na kesi ya fidia ikaenda kortini. Ilivuta, mwanangu. Lakini mbele ya bodi daktari alikiri hakumwambia dada kwamba dawa zingeweza kujaribiwa kwanza. Nafula alitoka nje, akafunga leso yake vizuri, akasema, "Kumbe si mwili wangu ulionikosea."

Kwa hivyo ukipasuliwa ukabaki na shaka, usianze na bei. Omba nakala ya faili yako. Mwone daktari mwingine, asiyekula sahani moja na wa kwanza. Karatasi ya kuelewana isome na wakili kabla kalamu haijagusa. Na usilale, kwa sababu sheria ina muda wake, ukipita mlango umefungwa hata ukiwa na haki. Kama aliyekatwa si wewe, muulize yeye anataka nini, kisha ufunge mdomo. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Haya, nenda salama. Mungu akuepushe na kisu usichokihitaji, na siku utakapokihitaji, aongoze mkono wa anayekishika.