Lebo ya Sungura Mwenye Milia

Libérata alikuwa msafishaji wa maabara ya wanyama katikati ya Toronto, na hakuna uchafu uliomshinda. Nilizoea kumtania kwamba angemsugua hata simba aliyekaushwa. Siku hizi simtanii.

Majira ya baridi ya 1997 maabara ililetewa sungura wa ajabu, mdogo, mwenye milia myeusi mgongoni, aliyenunuliwa akiwa amekufa katika soko moja huko Laos. Wataalamu wa pale hawakuwahi kumwona wa namna hiyo. Friza ikaharibika, Libérata akaambiwa ahamishe vitu. Akamkuta sungura amefungwa uzi mguuni, na kwenye uzi kikaratasi kilicholowa damu. Kwetu Uvira, Kongo, nyama ya sokoni ukishaifikisha nyumbani unaifungua kamba, isije ikaoza pale ilipobanwa. Akaufungua ule uzi, kikaratasi akakitia mfukoni mwa aproni.

Kumbe kikaratasi hicho kilikuwa lebo, ndicho kilichotaja soko na msitu alikotegwa sungura. Bila hicho, wataalamu hawakujua waombe msitu upi ulindwe. Lawama zikamwangukia Naeem, mtunza friza, mzaliwa wa Mwanza aliyekaribia kustaafu, ambaye kila siku alimwamkia Libérata kwa Kiswahili: “Umeamkaje, mama?”

Jumapili baada ya misa Libérata akaja jikoni kwangu, mtaa wa Regent Park, kikaratasi mkononi.

“Donatienne, nikirudishe?”

“Bakufukuze? Na Gaspard atakuya namna gani?”

Gaspard, mumewe, alikuwa kambi ya wakimbizi Kigoma, na faili lake la kuja Kanada lilihitaji mke mwenye kazi. Nikamnyang'anya kikaratasi, nikakichana, nikakitupa chooni. Nilijiona mjanja sana.

Mwezi wa tatu Naeem akaachishwa kazi. Siku ileile Libérata akaenda kusema ukweli. Profesa mkuu wa maabara hakumfukuza, alimuuliza tu kikaratasi kiko wapi.

“Nilikitupa,” akajibu. Hakunitaja.

Naeem alirudishwa kazini. Msitu haukujulikana. Mimi nilikisoma kile kikaratasi kabla ya kukichana, na mpaka leo nakumbuka maandishi ya penseli na herufi ya kwanza ya jina la soko, S, basi. Naona aibu hata kuiandika.

Gaspard alifika mwaka uliofuata. Alikuja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumtunzia mke. Libérata alikuwa akimimina chai. Hakuinua macho.