Siku Sheria ya Wajerumani Ilipofika Mapokezi

Nilikuwa nimefanya kazi mapokezi miaka kadhaa kabla sijajua kwamba hoteli yetu ya Kamembe, kando ya ziwa huku Rwanda, ilikuwa chini ya sheria za nchi mbili. Nilijua wenye hoteli ni mke na mume Wajerumani, waliolipenda ziwa, wakanunua jumba kuukuu lenye bustani inayoteremka hadi majini, wakatuachia sisi tuliendeshe. Kodi ya hapa tulilipa hapa, ankara tulizitoa kwa mashine ya hapa, na kila mwisho wa mwezi nilituma hesabu Ujerumani kwa barua pepe. Zikishaondoka, sikujiuliza tena zinasomwa na nani.

Kisha akaja mhasibu wao. Alikuwa mama wa makamo, nywele zake nyeupe zimekatwa fupi, na Kifaransa chake kilikuwa kisafi kuliko changu mimi niliyesomea Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Kongo. Alileta programu mpya ya kuendeshea hoteli. Vyumba, wageni, chakula, ankara, vyote vilikuwa mahali pamoja. Alinieleza kuwa kwa kuwa kampuni imeandikishwa kwao, vitabu vyetu ni sehemu ya vitabu vyao, na mkaguzi wa kodi wa huko anaweza siku yoyote kuomba kuviona, tena jinsi vilivyo ndani ya kompyuta.

Tulianza kujifunza. Nikamwandikisha mgeni wa kubuni, nikampa kahawa moja, nikafunga ankara yake. Halafu nikagundua kuwa kahawa nimeiweka kwenye chumba cha jirani.

"Ifute," mhasibu akasema.

Nikatafuta kitufe cha kufuta. Hakikuwepo. Nikafungua ankara, nikajaribu kubadilisha namba ya chumba, ikakataa. Yeye alikuwa ananitazama tu, mikono imekunjwa.

"Ankara iliyofungwa haifutiki," akasema. "Utatoa nyingine ya kuibatilisha. Zote mbili zitabaki, na kila atakayezitazama ataona kosa na ataona lilivyosahihishwa."

"Na nikikosea jina la mgeni?"

"Lisahihishe."

Nikalisahihisha. Yeye akafungua ukurasa mwingine, na pale nikaliona jina la zamani, lenye herufi yangu iliyozidi, na chini yake jina jipya, na pembeni jina langu mimi na saa niliyobadilisha.

"Wewe unaweza kuliondoa hili?" nikamuuliza.

"Siwezi."

"Na wenye hoteli?"

"Nao hawawezi."

Sijui kama alielewa kwa nini nililisoma tena lile jina la zamani. Mimi nilikulia Bukavu katika miaka ambayo karatasi zilikuwa hazikai. Shule niliyosoma iliporwa, madaftari ya wanafunzi yakaenda kufungia karanga sokoni. Vyeti vya baba viliungua pamoja na nyumba. Tuliporudi Rwanda, majirani wawili wa zamani ndio walioapa mbele ya ofisa kwamba mimi ni mtoto wa nani, na tarehe yangu ya kuzaliwa ni ile aliyoikumbuka mama. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya kitu kilichokataa kusahau herufi moja ya mtu asiyekuwepo, aliyekunywa kahawa ambayo haikupikwa. Niliona woga kidogo, lakini zaidi ya woga nilihisi kama mtu aliyeingia kanisa kubwa kwa mara ya kwanza, akainua macho kutafuta dari.

Siku zilizofuata mhasibu alizunguka hoteli nzima. Jikoni alisimama mbele ya ubao mweusi ambao mpishi wetu aliandikia kwa chaki nani amekula nini asubuhi. Kutoka kwenye ubao huo mimi ndiye niliyekuwa nikinakili.

"Baada ya hapo ubao mnaufanyaje?" akauliza.

Nikamtafsiria mpishi, mama wa Kiislamu wa hapa Kamembe, mwenye sauti nzito.

"Tunaupanguza," mpishi akajibu. "Tutaandika wapi chai ya kesho?"

Mhasibu akasema ubao ule ndio maandishi ya kwanza kabisa, na sheria inataka maandishi ya kwanza yatunzwe. Upigwe picha kila siku kabla ya kupanguzwa, na picha iingie kwenye programu.

"Banataka picha ya ubao wa chai?" mpishi akaniuliza.

"Ndiyo, Maman. Kila asubuhi."

"Na ule muntu wa kodi kule Ulaya ataangalia chai ya batu?"

"Anaweza kuangalia."

Akafikiri kidogo. "Basi inafaa niandike muzuri."

Kesho yake nilikuta ubao umepigwa mistari kwa rula.

Lakini lililonishangaza kuliko yote lilikuwa bado. Mhasibu aliniambia kuwa programu peke yake haitoshi. Sheria ilitaka pia maandishi yanayoeleza kazi yote inavyofanyika, tangu mgeni anapoingia getini hadi hesabu yake inapofungwa.

"Yaandikwe na nani?"

"Na wewe. Wewe ndiye unayeifanya."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mtu wa nje. Mtu anayejua uhasibu lakini hajawahi kukanyaga hapa. Akisoma, aelewe bila kukuuliza."

Nilidhani nitamaliza kwa kurasa mbili. Nilikaa nayo wiki baada ya wiki. Nikiwa njiani kurudi nyumbani Gihundwe kwa miguu, nilikuwa nikijisemea peke yangu: mgeni anafika, namsalimia, namwomba kitambulisho, la, kabla ya kitambulisho natazama kama chumba kimesafishwa. Najuaje kimesafishwa? Kwa sababu ufunguo umerudi ndoanoni. Nani ameurudisha? Kila sentensi ilinizalia maswali. Umeme ukikatika tunaandika kwenye karatasi, je, karatasi hiyo anaichukua nani? Hakuna aliyewahi kuniuliza mambo hayo. Mume wangu alikuwa akisema, "Uko mapokezi," kana kwamba mapokezi ni kiti tu. Sasa nchi ya mbali, ambayo sijawahi kuiona, ilikuwa imetunga sheria ya kutaka kujua ninavyotundika funguo.

Nilipomaliza, mhasibu alirudi tena kutoka kwao, na akataka tuyajaribu maandishi yale. Tulimwalika mhasibu wa ushirika mmoja wa wakulima wa Nyakarenzo, mzee mtaratibu mwenye miwani. Alijua hesabu za kahawa na mbolea, lakini kulala hotelini hakuwahi. Alipewa kurasa zangu na nywila yake. Mimi niliambiwa nikae kwenye kochi la wageni, nisiseme kitu.

Nakumbuka mikono yangu ilivyokosa kazi. Mzee alisoma kwa kidole, akainuka, akatazama ndoano za funguo, akarudi. Akaja mgeni kutoka Kigali. Mzee akamsalimia, akatazama ukurasa, akaomba kitambulisho, akaandika, akatoa funguo. Alisahau kutabasamu, maana sikuwa nimeliandika hilo, lakini mengine yote aliyafanya kama mimi, kwa mpangilio wangu, hata namna ya kuiweka kalamu juu ya daftari la wageni ili lisifunuliwe na upepo. Niliiona siku yangu ikitembea bila mimi. Machozi yalinilenga, nikajifanya natazama ziwa.

Mchana akaingia mama kutoka Bukavu, amebeba mtoto mgongoni. Alikuwa amevuka mpaka kumleta hospitali ya Gihundwe, akaambiwa arudi kesho. Alitaka chumba. Mzee akamwomba kitambulisho au pasipoti. Mama akatoa jeto, ile karatasi ndogo wanayopewa watu wa mpakani kuvukia. Mzee akapitisha kidole kwenye ukurasa wangu, akarudia, kisha akatikisa kichwa.

"Maman, unisamehe. Hapa haikuandikwa."

"Papa, mimi siku zote nalala huku na jeto."

"Minakusikia. Lakini haiko kwa karatasi."

Mama yule hakubishana. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaanza kukaza kanga. Nilimtazama mhasibu. Alikuwa ameniambia nisiseme, naye hakunirudishia macho. Nikasimama.

"Papa, mupatie chumba," nikasema. "Tunabapokea na jeto. Ni mimi sikuiandika."

Mzee akamgeukia mhasibu. Mhasibu akaniuliza kwa Kifaransa huyu mama ana nini mkononi, nikamweleza: mpaka wetu, soko, hospitali, watu wanaovuka asubuhi na kurudi jioni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mpeni chumba," akasema. "Halafu liandike."

Mama akapewa funguo. Mtoto alikuwa ameshalala. Nikakaa kwenye kompyuta na kuongeza aya ya jeto. Programu haikuufuta ukurasa wa awali. Iliuweka nyuma ya huu mpya, pamoja na tarehe, ili mtu wa baadaye ajue kuwa hadi mchana ule hatukuwa tumeandika habari za watu wa ng'ambo ya mto, na kwamba kuanzia mchana ule tuliandika.

"Na kurasa hizi zitakaa muda gani?" nikamuuliza mhasibu.

"Miaka mingi. Hata hoteli ikifungwa, zitatunzwa."

Mzee wa Nyakarenzo alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Sisi kule kwetu tungeanzia wapi?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe. Alipoondoka aliomba nakala ya ukurasa wa kwanza tu, aone unavyopangwa.

Mhasibu aliporudi kwao, wafanyakazi waliniomba niwasomee maandishi yale kwa Kiswahili, maana yaliandikwa kwa Kifaransa. Tulikaa jikoni baada ya chakula cha mchana. Nilisoma habari za geti, za vyumba, za kufua mashuka, na kila mmoja aliinua kichwa aliposikia kazi yake. Nilipofika sehemu ya jikoni, mpishi aliniomba niirudie.

Nikairudia: mpishi anapika mayai, kisha anatia chai kwenye chupa, kisha anaandika ubaoni.

"Hapana," akasema. "Chai inatangulia. Mayai yanangoya mugeni afike. Nani alikuambia nianze na mayai?"

"Nilidhani, Maman."

"Usizani. Andika vile iko."

Nikaenda mapokezi, nikafungua ukurasa, nikaandika chai mbele ya mayai.