Kigae Kilichomshinda Shangazi

Shangazi yangu hakuweza kupita penye kifusi bila kuinama. Kazi yake katika ghala la makumbusho ilikuwa kutambua na kuorodhesha vigae vya vyombo vya udongo vya kale, vile vyenye ngozi ya kijani inayong'aa. Hiki ukingo wa bakuli, hiki tumbo la mtungi. Akisita, alikigusisha ulimi upande usiong'aa, asikie udongo unavyonata. Tulimwita Mama Ulimi, naye alijibu kwamba bora ulimi unaolamba vigae kuliko unaolamba viatu vya wakubwa. Mimi nilikaa meza ya pili, nikivipiga picha akishavitambua.

Binti yake wa pekee alikuwa mfinyanzi. Aliiga vyombo hivyohivyo vya kale, na kila bakuli likitoka tanuuni alimletea mama yake alikague. Shangazi alikuwa hana dogo.

"Bado, mwanangu. Hili linajulikana kutoka mlangoni kuwa si la kale."

"Siku moja nitakupiga chenga, mama."

"Labda nikishakuwa kipofu."

Wakacheka. Mimi nilimwona mkali kupita kiasi, na hadi leo namwona hivyo.

Kisha binti akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Aliacha bakuli moja tu, mengine yote alikwisha kuyauza. Siku ya msiba nyumba ilijaa watu, mtu akalikumba kwa kiwiko, likaanguka. Shangazi aliokota vipande, akavifunga kwenye kitambaa, hakumlaumu mtu.

Aliporudi kazini alikuja navyo, maana gundi ya ghala haina mfano. Lakini mazoea yana taabu. Mikono yake, bila hata kumwuliza, ilivisugua kwa brashi na kuvitandaza kwenye chekeche la kukaushia, pamoja na vigae vilivyotoka kuchimbwa wiki hiyo. Alipogundua alichofanya, alikaa akashika kichwa.

"Usijali, shangazi," nikamwambia. "Si unavijua kwa macho?"

Akavichambua kimoja kimoja. Vya bintiye vilitoka polepole, vikaungana, bakuli likasimama tena, ila pengo moja dogo ukingoni. Juu ya chekeche vikabaki vigae viwili, kijani kilekile, unene uleule. Kimoja kilikuwa cha bakuli la bintiye. Kingine kilikuwa cha kale, ila sululu ya wachimbaji ilikivunja majuzi, kwa hiyo mivunjo ilikuwa mipya kwa vyote viwili, na pembeni vilikwisha kumomonyoka. Hakuna kilichokaa sawasawa kwenye pengo. Alivipeleka dirishani, akavigeuza. Akagusisha ulimi kimoja, halafu kingine. Akarudia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "sijui."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Nikamsihi achukue kimoja, chochote, nani angejua?

"Mimi," akasema.

Kazini kwake usichokijua hukitumii kuzibia pengo. Aliviandika vyote viwili kuwa havijatambulika, akaniwekea mezani nivipige picha, kisha akageukia ukuta na kulia kwa sauti. Nikadhani analilia lile pengo. Nikamshika bega, nikamwambia bakuli hata hivyo limependeza.

"Si bakuli," akasema. "Kanipiga chenga. Kaweza, mwanangu, kaweza kabisa. Na mimi kila siku nilimwambia bado."