Matanga ya Ng'ambo

Nilirudi Nchelenge, kando ya ziwa upande wa Zambia, na diploma ya uhasibu niliyojilipia mwenyewe kwa kufagia karakana za migodini, bila mjomba wala askofu kunishika mkono. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza mtaani kuwa na vioo madirishani. Kwa hiyo mke wangu alipoingiwa na hofu, nilimwambia atulie, ameolewa na mtu anayesoma sheria kama wengine wanavyosoma bei ya samaki.

Yeye ni wa Kilwa ya Kongo, mji unaotazamana nasi ng'ambo ya ziwa. Alivuka akiwa msichana, kuja kumlelea dada yake watoto, akabaki. Ndoa yetu haikumfanya raia, na zamani hakuna aliyejali. Lakini vita vilipoanza tena kwao, wageni wakawa wanaulizwa karatasi sokoni, tukasikia kuna waliorudishwa.

Sheria niliisoma mwenyewe. Mgeni awe ameishi Zambia miaka kumi mfululizo, na awe na tabia njema, ndipo aombe uraia. Mke wangu alikuwa ameipita kumi. Ndani ya basi dogo la kwenda Mansa, kwenye ofisi ya uraia, nilimfundisha, "Ukiulizwa tabia, usione haya. Jisifu kama mimi."

Ofisa alikuwa mzaliwa wa ziwani. Alimsemesha kwa Kiswahili cha biashara, kwa upole.

"Mama, nitajua namna gani kama uko mutu muzuri?"

"Uliza batu, chef. Hakuna kilio nilikosa. Mama mukubwa alikufa, nilivuka. Shemeji alikufa, nilivuka. Papa alikuwa mugonjwa, nilibakia kule, nikalima shamba yake mpaka tukavuna muhogo. Hata muke wake wa pili, mwenye alikuwa ananichukia, nilimulilia!"

Kwetu hakuna ushahidi wa tabia njema kuupita huo. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kwa fahari, hadi nilipoona kalamu ya ofisa imesimama.

"Mama, umezika batu kuliko pasta," alisema, akacheka kidogo. Kisha akanigeukia. "Bwana, kilio cha siku chache si neno. Lakini mpaka muhogo ukavunwa? Miaka kumi inaanza upya pale aliporudi."

Nilifungua nakala yangu ya sheria: "mfululizo", ndivyo ilivyosema. Kiingereza changu, kilichowahi kumnyamazisha meneja mzungu, hakikunifaa. Ofisa alikuwa amesema kweli.

Kwenye basi mke wangu aliuliza, "Nilisema mubaya?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini unaangalia dirisha, Bwana Diploma?"

Kabla mvua hazijaisha, mama mmoja mchuuzi wa vitenge alileta habari kutoka ng'ambo kwamba baba mkwe hawezi tena kusimama. Nilimweleza mke wangu kila kitu: akikaa huko, tunaanza tena, na siku hizi aliyetoka bila karatasi huenda asiruhusiwe kurudi.

"Muke wake tulimuzika," alisema. "Nani atamupikia?"

Mimi niliyejenga nyumba bila kuomba hata msumari nilikwenda kupima unga wa safari. Nilimbebea mfuko wa unga mpaka ufukweni, maji yakaingia katika viatu vyangu vya ofisini, nikamshika mkono apande boti.

"Utarudi lini?"

"Akipona," alisema. "Ao tukimuzika."