Ukuta wa Kioo Umempeleka Mama Kulala Jikoni

Admin, nifiche vizuri tafadhali, maana mume wangu anafuata ukurasa huu na nyumba yake ataijua hata ukibadilisha rangi ya mlango. Nina miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto wawili, na nimeolewa huku upande wa Kasikeu. Mume wangu si mlevi, hanipigi, na hana mpango wa kando. Shida yangu ni nyumba. Najua wengine mtacheka. Chekeni mmalize, kisha mnisikilize.

Mume wangu alifanya kazi Uingereza miaka kadhaa, akitunza wazee majumbani mwao. Wenzake walirudi na magari. Yeye alirudi na mapenzi ya vyombo. Alikuja na brashi ya kuoshea vyombo yenye mpini wa mti, sufuria nzito ya chuma, blanketi la sufu kwa joto hili letu, na birika la udongo la rangi ya kahawia. Nisiwe mnafiki, vitu hivyo ni vizuri. Ukimimina chai, lile birika halidondoshi hata tone, na ile brashi bado iko kama siku aliyoileta. Kila mgeni akija anaambiwa kwamba kitu kizuri si kile kinachong'aa, ni kile kinachofanya kazi yake bila kukusumbua. Nilikuwa napenda kumsikia akisema hivyo.

Halafu tukajenga. Fundi akifungua mdomo tu anaonyeshwa picha za nyumba za huko kwenye simu. Vitambaa nilivyofuma kwa mikono yangu vikaondolewa kwenye viti, nikanyamaza. Kuta zikapakwa rangi ya kijivu, nikazoea. Lakini kati ya sebule na chumba chetu cha kulala hakujenga ukuta. Aliweka kioo kitupu kutoka sakafuni mpaka juu, chenye fremu nyembamba nyeusi. Eti mwanga wa asubuhi lazima utembee nyumba nzima. Pazia hataki kusikia. Ukiketi sebuleni unaona kitanda chetu chote mpaka mito, na hakuna chumba unachofika bila kupita hapo. Nilipomuuliza wageni itakuwaje, alisema mgeni mstaarabu haangalii.

Wakamba wenzangu mnajua ninakoelekea. Mama mkwe hawezi kukaa mahali anaona kitanda cha mume wa binti yake. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na watu wa umri wa mama yangu hawaifanyii mchezo.

Mama ni wa Ikutha. Ana ugonjwa wa sukari, na mguu wake una kidonda ambacho daktari alisema kisafishwe hospitalini kila wiki, la sivyo wataanza kuongea mambo ya kukata. Hospitali iko karibu na sisi, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema aje akae kwetu. Mama akafika, akasimama mlangoni, akatazama ndani mara moja tu, akageuka. Akaomba kiti cha nje. Jioni nilipomwambia aingie, aliniuliza kama jiko letu la zamani kule nyuma bado lina paa.

Huko ndiko analala mpaka leo, kwenye kitanda cha kukunja, kati ya magunia ya makaa na kuku. Mtu mwenye kidonda, jamani, kwenye vumbi la makaa.

Nilitundika shuka kwenye kioo. Mume wangu akarudi kutoka kazini, akaitoa, akaikunja vizuri kabisa na kunipa mkononi. Nikamwomba tujenge ukuta, akasema hawezi kuharibu nyumba kwa sababu ya wiki chache, Mama atazoea. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anampenda. Kila asubuhi anampelekea chai mwenyewe kwa lile birika, analiweka kwenye kizingiti, anarudi nyuma na kusalimia akiangalia kando, adabu zote. Hata lile blanketi la sufu amempa. Kwa hivyo nthoni anaijua. Ni kioo tu kinachomshinda kuachilia.

Wiki hii muuguzi alifungua bandeji akakuta weusi wa makaa ndani ya kidonda. Akauliza mgonjwa analala wapi. Mama akajibu haraka, kwa binti yangu. Nilitaka ardhi inimeze. Tulipofika nyumbani akaanza kukunja nguo zake.

"Mwaitu, mama yangu, unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Sitaki uachike kwa sababu ya dirisha."

Kule Ikutha hana wa kumpeleka hospitali. Nilimfuata mume wangu.

"Wewe ndio husema kitu kizuri ni kile kinafanya kazi yake," nikamwambia. "Sasa hii nyumba inafanya kazi gani, kama mama yangu hawezi kuingia?"

Akasema tutaongea akirudi. Ameenda safari ya kikazi mpaka wiki ijayo. Hata sasa hayupo na Mama bado haingii, maana kitanda ni chake akiwepo asiwepo, na shuka anasema si ukuta.

Mama anataka kusafiri keshokutwa. Fundi aliyetujengea anasema anaweza kutoa kile kioo bila kukivunja na kuinua ukuta kabla mume wangu hajarudi. Matofali yameshashushwa nyuma ya nyumba, na Mama anadhani ni ya jirani. Najua nitakuwa nimevunja kitu ambacho mume wangu alikiota miaka yote ya ugenini, na huenda asinisamehe. Lakini huko ugenini alikuwa akiosha mama za watu kwenye vyumba vyenye mwanga, na wangu analala na makaa.

Msiniambie niongee naye, nimeongea. Fundi anangoja simu yangu kesho asubuhi. Nimwambie aanze, au nimfungie Mama mzigo wake?