Kufuta Diski ya Newala

Bosi wetu wa Dar es Salaam aliamini kwamba kazi ikishachorwa kwenye karatasi imekwisha. Soko huria lilimfanya awe mwenye redio, akafungua vituo Masasi na Newala, kila kimoja na seva moja ya chuma inayobeba seva kadhaa za kufikirika ndani yake. Diski zilikatwa mafungu, ambayo sisi mafundi tunayaita volyumu. Newala, fungu la matangazo ya sabuni lilikuwa limefurika, na sabuni ndiyo iliyotulipa mishahara. "Futa diski yote ya Newala, gawa upya, halafu rudisha vipindi kutoka kwenye nakala ya Masasi," aliniagiza. "Kazi ya kunywa chai tu hiyo." Rufiji hajawahi kuivuka, ila chai anaijua sana.

Nikapanda basi; mpaka Lindi nilikuwa bado abiria. Baada ya hapo nikawa mzigo, na barabara ikanishughulikia hivyo hadi Ndanda, tulipopumzika nikahakikisha miguu yote miwili ni yangu.

Masasi nilipokelewa na Baba Anjela, mtunza mitambo, mzaliwa wa Newala aliyeoa huku. Umeme, kwa heshima ya mgeni, ulikuwa umekatika. Nikamuuliza habari za nakala.

"Fundi, mitambo yote mizima. Kula kwanza."

Akanikaribisha ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Hapo nakiri, bosi angekuwepo ningempandisha cheo kwa kuchagua mji. Umeme haukurudi, gari la Newala likapiga honi, nikaondoka.

Kupanda Newala ni vumbi jekundu, mikorosho, kisha upepo wa baridi na bonde la Ruvuma chini kabisa, maji mengi ya kutazama tu. Mama Shaibu, mtangazaji wa kipindi cha wazee, alinipa nusu ndoo ya kuoga, na kwa namna alivyoibeba nikajua nimekirimiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nasikia umekuja kufuta."

Nikamweleza kwa lugha yangu ya kitaalamu, ile inayowanyamazisha watu. Hakunyamaza.

"Humo ndani mna sauti ya baba yangu. Nilimrekodi akiwa mzima. Jumamosi ni arobaini yake, na ndugu wote watasikiliza. Sina nyingine."

"Nakala ipo Masasi, mama. Hakipotei kitu."

"Basi nisikilizishe hiyo ya Masasi kwanza. Ndipo ufute."

Jamani! Bosi, mimi, na shahada yangu yote, hakuna aliyefikiria jambo hilo. Nikampigia Baba Anjela. Umeme ulikuwa umerudi.

"Ile volyumu ya vipindi vya Newala?" akasema, bila wasiwasi wowote. "Niliisafisha zamani. Vilikuwa vilevile vya huko."

"Ndiyo maana ya nakala, Baba Anjela!"

"Fundi, wewe hujakulia kwetu Newala, kwenye maji ya kukinga. Tangi tupu hulijazi kitu ulicho nacho tayari. Mvua ikinyesha utakinga wapi?"

Nilikaa chini. Kidole kilikuwa kimebakiza kubonyeza mara moja tu, na sauti ya yule mzee ingekwenda na sabuni. Mama Shaibu alinitazama, machozi yanamlengalenga, wala hakunitukana, nikaumia zaidi.

Bosi naye alipoelezwa alitoa busara zake: "Futa tu, wazee si wapo wengi? Atawarekodi wengine." Nikamwambia mtandao unasumbua, nikazima simu. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Vipindi vyote nikavihamishia kwenye diski niliyokuja nayo, nikavisikiliza kimoja kimoja, ndipo nikagawa upya. Wazee wakapata fungu kubwa, sabuni ikabanwa. Nikamwachia mama nakala yake mwenyewe, nyingine nikaichukua kwenda Masasi.

Jumamosi niliteremka. Nilichojifunza ni kidogo kwa safari ndefu hivyo: nakala usiyoisikiliza kwa masikio yako ni porojo. Nilikuwa napanga jinsi ya kumweleza bosi hayo nisifukuzwe, dereva alipofungua redio. Kilikuwa kipindi cha Mama Shaibu. Akasema yuko nyumbani kwao, ndugu wamekaa, wamemaliza dua. Kisha akakohoa, na sauti ikamtoka ndogo, ya mtoto.

"Shikamoo, baba."

Halafu mzee akajibu kutoka kwenye nakala niliyomwachia, sauti nzito, ya mtu aliyekatizwa shughuli zake:

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Dereva akasimamisha gari pembeni. Redioni tukamsikia Mama Shaibu akijibu kwamba amekula.