Safari ya Bahari Iliyokwama kwa Choo cha Kibwezi

Ndoa ya wazazi wangu iliokolewa na choo.

Sitanii. Choo cha shimo, cha mabati, Kibwezi, Agosti 1988. Nilikuwa ndani ya gari, miaka ishirini na mbili na akili zangu timamu, kwa hivyo mtu asiniambie nimeota.

Naitwa Shufaa. Nimezaliwa Mwingi, chumba cha nyuma ya duka la baba.

Baba yangu, Mzee Hemedi, alikuwa mtu wa Mombasa. Mwingi nzima ilijua hivyo kwa sababu hakuwapa watu nafasi ya kusahau. Mteja akisema "leta sukari", baba anamrekebisha kwanza, "Sema naomba sukari," ndipo anapima. Akiwekewa samaki wa kukaanga anamnusa, anamsukuma kando, anasema kwao Kibokoni hata paka hamli huyo.

Na bahari je? Wacha tu. Inavyojaa, inavyokupwa, inavyonuka asubuhi. Tulilishwa bahari na chai kila siku.

Shida ni kwamba hakuwahi kutupeleka.

Mama yangu, Mwanahamisi, alitoka Kitui mjini, kwa familia ya Kiislamu ya kujiheshimu. Miaka ishirini na saba ya ndoa, hakuwahi kumwona mkwe hata mmoja. Si mama mkwe, si wifi, si hata binamu wa kuja kuomba nauli. Na kwetu mwanamke ambaye hajapokelewa kwa mumewe huonekana kama ameokotwa. Wenzake wakianza kusengenya mawifi zao kwenye arusi, yeye alikuwa anaenda kuangalia wali.

Idd ya mwaka huo shangazi yake mmoja mwenye mdomo akamwuliza mbele ya watu, "Hivi ukifa leo, kwa mumeo tutampigia nani simu?"

Mama alirudi nyumbani, akavua buibui, akalikunja vizuri.

"Baba Yakub," akasema, "Agosti unanipeleka kwenu nikaonwe na watu wako. Usiponipeleka, niandikie talaka yangu nirudi Kitui."

Hakupaza sauti. Angepaza tungejua ni hasira za kawaida, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Basi tukaanza kupanga safari.

Nyinyi mnapanga safari kwa simu, mnaambiwa mpaka foleni iko wapi. Sisi tuliunda kamati. Mwenyekiti baba, dreva kaka yangu Yakub, ambaye alikuwa amenunua Pijo 404 iliyochoka lakini yenye moyo. Mimi katibu, na daftari la mraba na ramani niliyoichana kwa atlasi ya shule. Mama alikuwa mkaguzi, yaani alikaa pale akimwangalia baba.

Yakub ndiye alianza.

"Tushukie Kitui, Mutomo, Ikutha, tutokee Kibwezi, tushike lami mpaka Mombasa. Ndiyo njia fupi."

Baba akaweka kikombe chini.

"Huko kuna ndovu."

"Baba, hata barabara ya Mombasa kuna ndovu."

"Wa huko wana adabu."

Tukakubaliana tupitie Thika na Nairobi. Baba akachangamka. Akataka Nairobi siku mbili, tuone majengo. Akataka Machakos siku moja, tuone mji. Nyeri pia akaitia, na Nyeri iko upande mwingine kabisa wa dunia. Kila mkutano safari ilirefuka upande usio na bahari. Mara tairi zibadilishwe kwanza, mara tungoje mvua, na ilikuwa Julai, Mwingi, mvua gani hiyo.

Mama akawa anasema neno moja tu, "Agosti."

Siku ya mwisho baba akachukua daftari langu, akaandika masharti yake kwa mkono wake. Nakumbuka sharti la tatu neno kwa neno: Kutoka Sultan Hamud mpaka Mtito Andei, hakuna kusimama.

"Hata kwa choo?" nikamwuliza.

"Hata kwa choo. Sehemu hiyo ni ya kupita."

Sasa nyinyi niambieni. Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mtu wa sukari anakunywa maji kama redieta na anayatoa vilevile. Kutoka Sultan Hamud mpaka Mtito ni zaidi ya kilomita mia na ishirini. Nilimwangalia baba nikadhani uzee umemwingia kichwani.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri. Nairobi tulilala usiku mmoja tu kwa hoteli ya chini, kwa sababu mama alikataa majengo. "Sijaolewa na majengo," akasema. Machakos ikafa hapohapo, Nyeri hata haikutajwa.

Jumanne asubuhi tukashika barabara ya Mombasa.

Tulipita Sultan Hamud, baba akapandisha kioo. Jua linachoma, gari halina feni, yeye anapandisha kioo. Emali, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Karibu na Makindu akafungua gazeti la juzi akajifunika uso, akasema anasoma.

"Yakub mwanangu," mama akaita kutoka nyuma, "hapo kwa hekalu la Makalasinga wanapokea kila mtu. Simama nijisaidie."

"Tutachelewa," gazeti likajibu.

"Tutachelewa wapi? Bahari inafungwa saa ngapi?"

Yakub akaangalia mwenyekiti. Mwenyekiti hakuteremsha gazeti. Pijo ikapita.

Baada ya dakika kumi mama akaanza kusoma dua. Baada ya kumi na tano akaacha dua, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Nikageuka nikaona machozi.

"Simama kwa kichaka basi," nikamwambia Yakub. Nilikuwa nimekasirika.

Kichaka gani? Agosti, ukame, miti yote imebaki vijiti. Ungeona mbuzi aliye kilomita mbili. Na mabasi yanapita mfululizo, yamejaa watu wenye macho.

"Siwezi," mama akasema. "Siwezi kuchutama hapa watu wanione. Siwezi, Baba Yakub." Akaanza kulia kabisa, yule mama aliyetaja talaka bila kupepesa jicho.

Gazeti likashuka.

Baba aligeuka akamwangalia mama kwa muda. Sijui aliona nini. Kisha akakunja gazeti akalikalia.

"Yakub, punguza mwendo," akasema. "Utapita daraja la reli. Baada ya hapo kuna daraja lingine dogo. Ukilivuka, kata kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

"Kuna njia ya ng'ombe. Ifuate mpaka uone ukuta wa mawe meusi. Hapo kuna boma, na choo kiko upande wa kulia, nyuma ya ghala."

Yakub alivuka daraja la reli. Akavuka daraja dogo. Njia ya ng'ombe hiyo hapo.

Mtu wa Kibokoni anajuaje choo cha Kibwezi kiko upande gani wa ghala?

Ukuta wa mawe meusi ukatokea. Mama hakungoja gari lisimame. Akakusanya buibui akaenda mbio upande wa kulia, nyuma ya ghala, na choo kilikuwa pale.

Sisi watatu tukabaki. Baba hakushuka. Alishika mlango kwa mikono miwili, kutoka ndani.

Kutoka jikoni akaja mwanamke mzee, mrefu, leso kiunoni na unga mikononi. Kwa ustaarabu wa Ukambani mgeni ni mgeni, awe amekuja kwa choo au kwa kiti, lazima asalimiwe. Akatusalimia. Akainama dirishani kwa baba.



Akafuta mikono kwa leso, pole pole, kidole kimoja kimoja.

"Mulei," akasema.

Nikangoja baba amrekebishe. Baba ambaye hurekebisha kila mtu.

"Kalunde," baba akasema, na akaendelea kwa Kikamba ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Dukani alikuwa na Kikamba cha kuuza kibiriti na chumvi tu, cha kuvunjika-vunjika. Hiki kilikuwa kizima, kinatoka mbio, na ndani yake alikuwa analia. Akaachia mlango, akashuka, nasi nyuma yake.

Alikuwa dada yake. Dada wa damu, tumbo moja.

Mama alitoka chooni akakuta mumewe ameshika miguu ya mwanamke asiyemjua, na watoto wake wamesimama midomo wazi. Akauliza kwa upole kabisa kama angeweza kupata maji ya kunawa, halafu aelezwe.

Akaelezwa. Baba alizaliwa pale pale, Mulei wa Nzioka, na Nzioka alikuwa shemasi wa kanisa. Akiwa na miaka kumi na tisa akaondoka kwenda kupakia mizigo kwenye lori la Waswahili, akasilimu kwa moyo wake, akarudi kusema. Shemasi akamwambia asirudi tena. Hakurudi.

"Na Mombasa?" mama akauliza.

Baba aliangalia chini.

"Sijawahi kufika. Mwisho wangu ni Voi."

"Na Kibokoni?"

"Dreva wa lori alikuwa wa Kibokoni. Alikuwa anapenda kuhadithia."

Yakub naye akapata swali. "Baba, mimi ulisema nimepewa jina la babu. Babu ni Nzioka. Yakub ni nani?"

"Ndiye dreva."

Nilicheka. Najua si pahali pa kucheka, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini kwa vumbi. Mama hakucheka.

"Kwa nini?" akamwuliza baba.

"Baba yako angenipa wewe? Kijana aliyesilimu jana, aliyefukuzwa kwao, hana hata mtu mmoja wa kusimama naye siku ya posa? Nikasema nina watu, wako mbali. Halafu kila mwaka ukawa mgumu kuliko uliopita."

Mimi nikawa naomba moyoni. Nilijua talaka iko pale katikati yetu.

"Sina shida na Ukamba wako," mama akasema hatimaye. "Nimezaliwa Kitui, nimekula muthokoi kabla ya kuota meno. Lakini nimezaa watoto watatu bila wifi wa kunishika mkono. Nimezika mmoja peke yangu. Na wifi alikuwa hapa, Hemedi. Safari ya siku moja kwa gari."



Ni shangazi Kalunde aliyeinuka. Hakujua Kiswahili kingi, na Kikamba cha mama kilikuwa cha sokoni tu, lakini kulia kwa mwanamke hakuhitaji mkalimani. Akamshika mama mikono, akamtemea mate kidogo kifuani, ile baraka ya wazee wetu. Mama aliyekuwa anatawadha mara tano kwa siku akasimama akapokea.

Kisha shangazi akaita mtu amlete mbuzi. Akaingia ndani akatoka na kisu, akampa baba.

"Sisi tulidhani umekufa," akamwambia, na Yakub, aliyezoea Kikamba cha vijana wa Mwingi, akatutafsiria. "Mjukuu wangu nimempa jina lako, lisipotee. Kumbe umekuwa Mwislamu tu. Basi chinja wewe, ili mke wako aweze kula kwangu."

Baba akaelekea kibla, akachinja kwenye boma la shemasi Nzioka. Shemasi mwenyewe alikuwa amekufa mwaka wa sabini na moja. Baba alionyeshwa kaburi baada ya kula, akaenda peke yake, akakaa huko mpaka jua likaegemea.

Mama alikula. Nilimhesabia matonge, nikajua talaka imeahirishwa.

Asubuhi yake Yakub akapasha gari moto. Baba akaja na mkoba wake, amenyoa, kofia juu. Mama tayari alikuwa ndani. Na kwenye kiti cha mbele, kiti cha mwenyekiti, amekaa shangazi Kalunde, amevaa gauni la kanisani.

"Wewe unabaki," mama akamwambia baba.

"Nibaki?"

"Una ndugu, una wajomba, una kaburi. Salamu za miaka thelathini na tano hutazimaliza kwa siku nne, lakini anza. Mimi naenda kuona bahari na wifi yangu."

Tukaenda. Voi, Mariakani, Mombasa. Kutoka boma lile mpaka baharini tulisimama mara saba, kila mtu alipotaka. Mama na shangazi waliingia maji na nguo zao zote, wameshikana mikono, hakuna anayejua lugha ya mwenzake vizuri, wanacheka kila wimbi likiwapiga matakoni.

Tuliporudi Kibwezi Jumamosi jioni tulimkuta baba kwenye kigoda, miguu imejaa vumbi, kofia hana. Amechomwa na jua. Wajomba walikuwa wamemchosha vibaya sana, na alionekana kijana.

Mama alishuka, akasimama mbele yake. Sote tulingoja aseme la mwisho, hata shangazi.

Baba ndiye alianza.

"Mama Yakub," akamwuliza, "iko vipi hiyo bahari?"

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiuliza. Alikuwa mtu wa kueleza.

Mama alimwangalia weee. Kisha akavuta kigoda cha pili, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana, akaanza kumhadithia. Ilivyojaa. Ilivyokupwa. Ilivyonuka asubuhi. Baba alisikiliza bila kumrekebisha neno hata moja.

Wamefariki wote wawili sasa, wakiwa bado mke na mume.

Funzo nawaachia hili, mnaopanga kuoa na kuolewa. Kama kwenu ni boma la mawe meusi na choo cha mabati, mpeleke mwenzako huko mapema, akiwa hana haraka. Atasimama nawe. Usimwache alie njia nzima kwa sababu wewe unaona aibu ya kwenu.